Buluu ya Matroni

Siku mizani mpya ilipoingia karakanani, meneja alituita wote tuje kuiona, kama watu wanaokuja kuona mtoto. Ilikuwa imekaa juu ya meza iliyofutwa vumbi kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nyeupe pe, ina kioo kidogo cha namba za kijani. Meneja akavua pete yake ya ndoa, akaiweka juu. Ikasoma gramu nne nukta mbili. Akaiondoa, akairudisha. Nne nukta mbili. Akatugeukia na uso wa mtu aliyepata uthibitisho kwamba kweli kaoa.

"Mmeona? Kuanzia leo hapa hakuna tena mambo ya kukisia."

Tangu siku hiyo tukamwita Bwana Desimali. Si mbele yake, jamani. Mbele yake tulikuwa na adabu ya kupindukia.

Aliyeguswa na hilo neno la kukisia alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi mkuu wa mapipa. Karakana yetu inatia rangi vitambaa: mapipa matatu ya maji ya moto, mabomba yanayovuja kwa zamu, sakafu ambayo ukidondosha kitu cheupe unakiaga, na dirisha moja kubwa linaloangalia barabarani, ambapo kitambaa kikishakauka hushikwa kando ya sampuli ya mteja ili kuona kama vinalingana. Mjomba alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye mapipa hayo. Kucha zake ni buluu. Wakati mmoja nesi alimpima akataka kumlaza.

Kazi yangu siku hizi ni kupima unga wa rangi; kabla ya mizani mpya nilichota tu, Mjomba akapima mwenyewe. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri ya kemia, na dunia ikanituza kijiko.

Fomula zote zilikuwa kwenye daftari la Mjomba. Fomula ni kusema tu: kwa jora moja la kitambaa, buluu gramu kadhaa, nyekundu gramu kadhaa, nyeusi gramu kadhaa. Lakini daftari lenyewe lilikuwa na alama za vidole vya rangi zote zilizowahi kupita duniani, na Bwana Desimali alilishika kwa ncha za vidole viwili.

"Fundi, hili ni daftari au ukuta wa chekechea?"

"Ni daftari, Bosi. Halijawahi kurudishiwa hata leso."

"Litachapwa." Akanitazama mimi. "Wewe si umesoma?"

Nikachapa. Fomula arobaini na moja, namba kwa namba, kama zilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Bosi akazitia plastiki, akazitundika ukutani, na chini yake akabandika kwa herufi kubwa: FOMULA HAIGUSWI BILA SAINI YA MENEJA. ATAKAYEIGUSA, GETINI SIKU HIYOHIYO. Daftari likarudi kwa Mjomba. Mizani ya zamani, ile ya mshale, ikaenda na mtu wa chuma chakavu. Hata kopo ambalo Mjomba alikuwa akipimia unga, kopo la maziwa lenye picha ya ng'ombe aliyebaki na miguu mitatu kwa kukwaruzwa, nalo likastaafishwa. Mjomba akaliosha mara nne, akatilia sukari yake ya chai. Sisi tukaletewa vibakuli vyeupe vya plastiki.

"Unaweka kibakuli," Bosi alinifundisha, taratibu, kama anayemfundisha mtu kupumua, "unabonyeza sifuri, ndipo unamimina unga. Rahisi."

"Rahisi, Bosi."

Kazi ya kwanza ilikuwa nyeusi, sare za walinzi. Ikatoka nyeusi ti. Bosi alipita siku nzima akisema "mnaona," na sisi tulikuwa tunaona, maana nyeusi ni nyeusi, hata ukikosea inakusitiri.

Halafu akaja Matroni.

Matroni ni mwanamke mrefu wa chuo cha wauguzi, anayeingia mahali kama anakuja kukagua vitanda. Wanafunzi wake wapya walikuwa wanaripoti baada ya wiki tatu. Alileta majora kumi ya pamba nyeupe, na kipande kidogo cha buluu iliyokolea, amekikata kwenye pindo la ndani la sare ya zamani, ambako jua halijafika.

"Fundi, nataka hii. Sitaki inayofanana na hii. Nataka hii."

"Matroni, wewe si mgeni hapa," Mjomba akasema. "Mara ngapi nimekutilia buluu hii?"

"Ndiyo maana nimerudi."

Jumanne tukatia jora la kwanza kama majaribio. Nilipima mwenyewe kwa kufuata ukuta: buluu mia sita, nyekundu themanini na tano, nyeusi mia moja na tano. Mjomba akasimamia pipa, moto wake, chumvi yake, muda wake. Likatoka, likasuuzwa, likakauka, tukalipeleka dirishani.

Mjomba akashika kile kipande cha Matroni kando yake.

"Mjomba," nikasema, "hii ni biringanya."

"Funga mdomo."

"Nafunga. Lakini ni biringanya."

Bwana Desimali akaja na kifaa chake kingine, kile cha kusoma rangi, unakigusisha kwenye sampuli, unakigusisha kwenye kitambaa, kinakupa namba ya tofauti. Ikizidi moja, mteja ataona. Yetu ilikuwa tisa nukta nne. Sijui kwa nini alihitaji kifaa. Dereva wa lori barabarani aliweza kuiona.

"Fundi, macho yanachoka," Bosi akasema kwa huruma ile inayochoma. "Si kosa lako. Umri."

"Macho hayakupima unga, Bosi."

"Basi kesho napima mimi."

Jumatano akapima yeye. Alivaa glavu. Alishika pumzi ili asipeperushe unga. Aliita kila namba kwa sauti na mimi nikaandika, na mizani ikatoa kikaratasi chake chenye uzito wote, tarehe na saa. Jora la pili likatoka biringanya. Tisa nukta tatu.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya teknolojia. Zamani mtu alikuwa anakosea huku na kule, ovyo ovyo. Sisi tulikuwa tumepata uwezo wa kukosea palepale kila siku.

Mtu mwingine angejiuliza. Bwana Desimali alihitimisha. "Mizani ni sahihi, mimi ni sahihi, kwa hiyo fomula ni mbovu. Fundi, miaka yote hii ulikuwa unabahatisha." Akavua glavu. "Ijumaa Matroni anakuja kuona sampuli. Tuna jora moja la kujaribu. Likikataa, Jumatatu unaenda stoo kukunja maboksi, na mimi naagiza fomula zilizo tayari kwa wauza rangi. Sikufukuzi. Mimi si mtu mbaya."

Kwa kweli si mtu mbaya. Mtu mbaya angemfukuza tu.

Jioni ile Mjomba alilaumu maji. Alisema maji ya wiki hii yana kiburi. Kisha akalaumu chumvi, kisha pamba, kisha akanilaumu mimi, kisha akaomba radhi na kulaumu maji tena. Asubuhi yake mama alinikuta natafuta viatu.

"Kaka yangu kapita hapa alfajiri," akasema. "Kakaa pale kwenye ngazi, kaniuliza boksi linakunjwaje."

"Alikuwa anatania, mama."

"Yule? Alitania mara ya mwisho nilipoolewa." Akanipa kiatu kilichokuwa mkononi mwake muda wote huo. "Sikiliza wewe mwenye kemia. Yule hajui kitu kingine. Ukimtoa kwenye mapipa yale, ukimkalisha na maboksi, hatamaliza mwaka. Ada yako ya shule ilitoka kwenye mapipa hayo. Haya, nenda kafanye kitu."

Kafanye kitu. Kana kwamba kitu kiko kwenye rafu ya tatu.

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, nikamwomba Mjomba daftari. Nilitaka kuona kama nilikosea kuchapa. Nilitamani sana nimekosea, maana hilo lingekuwa rahisi, ningelia kidogo yakaisha. Sikukosea. Mia sita, themanini na tano, mia moja na tano. Nikageuza kurasa. Kijani cha mapazia. Hudhurungi. Waridi ya blanketi za watoto wachanga: nyekundu sabini.

Nikarudi hapo. Waridi ile unaijua, nyepesi, kama nguo nyeupe iliyosikia habari ya nyekundu kwa mbali. Gramu sabini za nyekundu kwenye jora moja? Hiyo si waridi, huo ni moto, waite zimamoto.

Nikaanza kutafuta namba ndogo kuliko sabini. Fomula ya kwanza hadi ya arobaini na moja. Hakuna. Katika daftari zima la miaka ishirini na miwili, hakuna rangi hata moja iliyowahi kuhitaji gramu kumi, wala ishirini, wala hamsini. Nilizichapa zote kwa mkono wangu na sikushtuka. Alama nzuri ya kemia.

"Mjomba, njoo hapa kwenye mizani. Nionyeshe ulivyokuwa unapima zamani."

"Nimeshika kikombe."

"Weka kikombe. Pima kama zamani, kila kitu kama zamani."

Akanung'unika, akamimina sukari yake kwenye gazeti, akalifuta kopo kwa pindo la shati, akaliweka juu ya mizani. Nikanyoosha kidole kubonyeza sifuri.

Akanipiga mkono. "Unafanya nini?"

"Naweka sifuri, Mjomba. Ili tutoe uzito wa kopo."

"Utoe kwa nini? Kopo si lipo? Unaliona, lipo. Sasa litaachaje kuhesabiwa?"

Nikainamia mizani. Kioo cha kijani kilisema sitini na nne nukta nane, na hakuna unga wowote ndani, ni ng'ombe tu wa miguu mitatu.

"Mjomba," nikasema polepole, "kwa hiyo wewe ulikuwa unamimina nyekundu mpaka mshale ufike themanini na tano. Na kopo ndani yake."

"Ndiyo."

"Kopo ni sitini na tano."

"Labda."

"Basi nyekundu yenyewe ilikuwa gramu ishirini."

Nikaona hesabu inampitia usoni taratibu, kama jora linavyoshuka ndani ya pipa. Kwenye buluu, kopo lilikuwa kitu kidogo, mia sita au mia tano thelathini na tano, hakuna ugomvi. Kwenye nyeusi ya walinzi, gramu elfu na ushee, ndiyo kabisa, halikuonekana. Lakini kwenye nyekundu, ile kidogo ya kuipa buluu joto, sisi kwa usahihi wetu wote tulikuwa tunatia mara nne. Biringanya ilikuwa imepimwa vizuri sana.

"Miaka ishirini na miwili," Mjomba akasema. "Nimepima kopo."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na haki ya kucheka. Lakini alikaa kwenye ndoo, na ile ndoo ilikuwa na maji.

"Usimwambie," akasema, hajali hata kulowa. "Yule mwenye pete. Kanibandika jina la kubahatisha mbele ya watu. Akisikia la kopo, hata wabeba maboksi watanicheka. Bora niende stoo nina heshima yangu."

"Mjomba, ulikosea nini? Rangi zilitoka sawa. Kopo lilikuwa lilelile kila siku."

"Usimwambie."

Sikumwambia. Ijumaa asubuhi, jora la tatu, nilipima mwenyewe. Bosi alikuwa ofisini anafanya mazoezi ya kumkabili Matroni; tulimsikia akisema "changamoto" mara tatu. Ukuta ulisema mia sita; nikatia mia tano thelathini na tano nukta mbili. Themanini na tano. Nikatia ishirini nukta mbili. Mia moja na tano. Nikatia arobaini nukta mbili. Ishara ya GETINI SIKU HIYOHIYO ilinitazama muda wote nikiwa nimeipa mgongo. Mjomba aligeuza jora ndani ya pipa kwa mti wake, mara moja akaniangalia, akarudi kwenye maji.

Saa nane Matroni akasimama dirishani. Akachukua kipande chake cha pindo, akakilaza juu ya jora. Akakisogeza. Akakigeuza. Kisha akaanza kukitafuta.

"Kiko wapi?" akauliza.

Kilikuwa palepale chini ya mkono wake, juu ya kitambaa. Kilikuwa kimepotea ndani ya rangi.

Bwana Desimali akagusisha kifaa chake. Sifuri nukta sita. Akakigusisha tena kwa sababu ni yeye. Sifuri nukta sita.

"Usahihi, Matroni," akasema, kifua mbele. "Ni suala la vifaa tu. Ngoja nikuonyeshe kikaratasi cha mizani, kila gramu imeandikwa." Akakichomoa kwenye mashine kwa mbwembwe, akakisoma kwa sauti. "Buluu, mia tano thelathini na tano nukta..."

Mbwembwe zikaisha. Akatazama ukuta. Akatazama kikaratasi. Akanitazama.

"Nani kagusa fomula?"

Kulikuwa na kijiko kimoja tu karakanani na kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu.

"Bosi, mimi..."

"Soma pale ukutani. Kwa sauti."

"Najua kilichoandikwa, Bosi."

"Basi unajua na njia ya getini."

Nikavua koti. Hata sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mama kuhusu rafu ya tatu. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya sukari ikimwagwa. Mjomba alikuja na kopo lake, akapita katikati yetu, akalitua juu ya mizani mpya kwa kishindo. Chembe mbili tatu za sukari zikaruka kwenye kioo.

"Mwache mtoto," akasema. "Kosa ni hili hapa. Nilikuwa nalipima pamoja na unga. Kwenye kila fomula, Bosi, kwenye zote arobaini na moja, kuna kopo. Tangu siku ya kwanza. Mizani yako ikalitoa, na hakuna aliyejua lilikuwemo. Hata mimi." Akakunja mikono. "Haya, cheka."

Hakuna aliyecheka, ila Matroni, na yeye alijifanya anakohoa.

"Kwa hiyo, Fundi," Matroni akauliza, "kila mwaka mimi nilikuwa nalinganishiwa na kopo?"

"Na kila mwaka ililingana, Matroni."

"Hilo sikukatalii." Akakunja kipande chake akakitia kwenye mkoba. "Majora yaliyobaki nayataka Jumatano. Na nayataka kwa mkono huu," akamnyooshea kidole Mjomba, "na kijiko hicho," akaninyooshea mimi. "Mkibadilisha mtu, nitakuja na sampuli nyingine na nitasimama hapa dirishani mpaka jioni."

Mtu yeyote angemjibu. Bwana Desimali hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya kioo cha kijani, amepangusa chembe za sukari kwa kidole, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Sitini na nne nukta nane," akanong'ona. "Zote arobaini na moja? Kasoro ileile?"

"Ileile, Bosi."

"Yaani ni kasoro thabiti." Akanyanyuka, macho yanang'aa. "Fundi, hii siyo kubahatisha. Huu ni mfumo!"

Mjomba hakujua kama kasifiwa au katukanwa. Mpaka leo hajui. Lakini Jumatatu alikuwa kwenye mapipa yake, mti mkononi, na kucha zake zinazidi kukolea, na majora mawili ya biringanya, Bosi alipomfidia Matroni pamba yake, tuliyatia nyeusi yakawa sare za walinzi, ti, hakuna aliyeuliza.

Mimi sikufukuzwa. Niliadhibiwa kwa njia ya kitaalamu: nichape upya fomula zote arobaini na moja, kila namba imetolewa sitini na nne nukta nane, kisha Bosi asaini kila ukurasa. Nyekundu ya waridi ni tano nukta mbili. Kwa upande wa kopo, Bosi alilichukua, akalibandika karatasi yenye maandishi KIFAA CHA MAREJEO NAMBA MOJA, akalifungia kwenye kabati la vioo ofisini. Ng'ombe anatazama nje. Wageni wakija wanaonyeshwa.

Mjomba akanywa chai bila sukari siku nne, akiwa na uso wa mtu aliyenyang'anywa shamba. Siku ya tano akaja na kopo jipya kutoka nyumbani kwa mama. Kabla hajatia sukari akaliweka juu ya mizani, akasubiri namba zitulie, akachukua kalamu, akaandika kwenye kifuniko: 81.3.

"Ya nini sasa, Mjomba? Hilo si la sukari tu?"

"Nyamaza," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza nitakayempima nalo. Nikirudi kutoka pipani nitalipima tena, na kila kijiko cha sukari utakachoiba nitakijua."